Kitambaa cha Mafuta

Nilikiona kitambaa saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, nikiwa nimeinama juu ya beseni la nguo uani. Nakumbuka saa kwa sababu redio ya mume wangu ilikuwa imetoka kuitaja. Kilikuwa kitambaa changu cha kijivu, nilichokikata kutoka fulana kuukuu, na nilikitupa majini pamoja na aproni bila kukitazama. Hakikuzama. Kilielea, na pembeni mwake maji yakatoa rangi kama za shingo ya njiwa. Nikakishika, kikateleza vidoleni. Nilipokikunjua nikaona mstari mweusi uliopinda kama mwezi mwandamo, na ndani ya mstari huo vidoa vidogo vya duara, vimejipanga kwa nafasi sawasawa.

Vile vidoa nilivijua. Yalikuwa matundu ya diski ya breki.

Nilikaa chini palepale, kwenye sakafu yenye maji. Wifi yangu alikuwa ameondoka na baiskeli yake kiasi cha nusu saa hivi, na breki za baiskeli ile nilizitengeneza mimi, jana yake mchana, kwa mikono hii.

Heri nieleze kwanza, maana asiyezijua breki hizi hataelewa kwa nini kitambaa kichafu kilinikalisha chini.

Wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, ni mkunga. Anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu, huku juu kilimani, na zahanati anakofanya kazi iko chini kabisa, ng'ambo ya barabara kuu ya malori. Zahanati ilimpa baiskeli ya milimani, yenye matairi mapana na breki za diski, ili awafikie wanawake waliojifungulia nyumbani. Breki hizo hazivutwi kwa waya. Ukibana mkono wa breki, mafuta yaliyomo ndani ya mrija mwembamba husukuma pistoni, pistoni husukuma pedi mbili, na pedi huibana diski, ile sahani nyembamba ya chuma iliyofungwa katikati ya gurudumu. Hewa ikiingia ndani ya mrija, mkono wa breki hulegea. Unaubana mpaka unagusa usukani, na baiskeli inaendelea na safari zake. Dawa yake ni kuitoa hewa hiyo.

Kuitoa nilikuwa nimejifunza. Nina miaka hamsini na mitatu. Miaka minne iliyopita sikujua kusoma hata kibao cha mlango wa choo. Nilisubiri nione nani anatoka ndipo nijue kama ni cha wanawake. Nilimwomba Mungu anipe kusoma, naye akanipa shule ya ufundi inayofundisha watu wazima jioni. Nilipolimaliza darasa la kusoma sikutaka kuliacha benchi.

"La ushonaji limejaa, mama," karani aliniambia. "Limebaki la baiskeli, na huko ni wanaume watupu."

"Andika," nikamjibu. "Wanaume nimezaa wanne. Hawanitishi."

Fundi anayetufundisha darasa zima linamwita Mzee Spana, ingawa hajafika hata miaka arobaini. Ana sheria moja aliyoiandika juu kabisa ya ubao na haifuti: aliyetengeneza breki ndiye anayeshuka nazo kwanza. Nyuma ya karakana ya shule kuna mteremko wa saruji, na chini yake mstari wa chokaa. Ukimaliza kazi yako, unapanda baiskeli, unashuka, unabana, unasimama kabla ya mstari. Hapo ndipo anasaini kadi ya baiskeli ile.

Mimi sikujua kuendesha baiskeli. Nilijua kuifungua yote na kuifunga, lakini kuipanda sikujua. Nilikuwa namwomba mwenzangu wa benchi, dereva mstaafu wa lori, anishukie. Mzee Spana alinivumilia.

"Siku moja utashuka mwenyewe, mama," aliniambia.

"Mungu akipenda."

"Mungu ameshapenda zamani. Anayekataa ni wewe."

Sasa jana yake, siku ya mapumziko, wifi alikuja uani kwetu akisukuma baiskeli.

"Hodi kwa mwanafunzi! Leo ndiyo siku ya mtihani." Akabana mkono wa breki, ukalala mpaka kwenye usukani. "Tazama. Breki hii imekuwa kama ahadi za kaka yangu. Unabana, unabana, hakuna kitu."

"Nimesikia!" mume wangu akaita kutoka ndani.

"Umesikia kwa sababu ni kweli!"

Nikamwambia aipeleke kwa fundi mwenyewe, mimi bado najifunza.

"Fundi amefunga mpaka keshokutwa, na kesho alfajiri nina mzazi kule kwenye tangi la maji, mtoto wake ana siku tatu. Au ile shule unakwenda kupunga upepo?"

"Na zikikukatalia njiani?"

"Nikifa nitakuwa nimekutangulia tu, wifi. Nitakuwekea kiti peponi. Karibu na dirisha, maana najua unavyopenda kuchungulia."

Tulicheka. Ndivyo tulivyo mimi naye. Miaka thelathini hatujawahi kusemezana bila kuchomekeana sindano, na ole wake mgeni atakayedhani tunagombana.

Nilifanya kila kitu kama nilivyofundishwa, daftari langu limefunguliwa juu ya kigoda. Niliomba kwanza. Nikatoa magurudumu yote mawili, nikayaegemeza ukutani mbali na kazi. Nikatoa pedi na kuzifunga ndani ya karatasi safi. Nikaweka kabari ya plastiki kati ya pistoni zisije zikaruka. Chini nikaunganisha bomba la sindano lililojaa mafuta, juu kwenye mkono wa breki nikaunganisha jingine tupu, kisha nikasukuma polepole. Viputo vikapanda kwenye mrija. Nikaugonga mrija kwa mpini wa bisibisi, vikapanda vingine vilivyokuwa vimejificha. Nilisukuma na kuvuta mpaka mafuta yakapita bila hata kiputo kimoja. Matone yaliyodondoka niliyakinga kwa kitambaa cha kijivu. Nikakaza skrubu, nikabana. Mkono wa breki ukasimama mgumu kama jiwe.

Nilirudisha pedi, nikarudisha magurudumu, nikayazungusha kwa mkono na kubana. Yakasimama pap. "Asante, Bwana," nilisema kwa sauti, na mume wangu akajibu "Amina" kutoka dirishani ingawa hakujua tunashukuru nini.

Sheria ya Mzee Spana niliikumbuka. Nilijiambia kwamba hapa hakuna mteremko wa saruji wala dereva mstaafu, na magurudumu yamesimama mbele ya macho yangu, inatosha.

Kilichofuata baada ya hapo sikukikumbuka kabisa, mpaka kitambaa kilipoelea kwenye beseni.

Kazi yangu ya mchana, kwa miaka kumi na moja sasa, iko kwenye karakana ya seremala, huko chini kwenye kona ya tatu ya barabara ya kilimani. Nafagia, nafungua geti asubuhi, lakini hasa napangusa. Meza, kitanda, kabati, hakuna kitu kinachotoka pale kabla sijakipangusa kwa kitambaa chenye mafuta mpaka kikang'aa. Namaliza, napangusa. Mazoea yana taabu. Jana yake mkono wangu haukuniuliza. Ulichukua kile kitambaa kilichokuwa kimekinga mafuta, ukaipangusa diski ya mbele, ukazunguka ukaipangusa na ya nyuma. Wifi alipokuja kuchukua baiskeli yake jioni alipiga kigelegele. "Eh! Umeipa mpaka mng'ao, kama kabati la bibi harusi!" Na mimi nikatabasamu.

Kwenye daftari langu, ukurasa wa kumi na saba, kwa mwandiko wangu mwenyewe, imeandikwa: Diski haiguswi na mafuta, hata ya kidole. Nimeipigia mstari. Pedi zikionja mafuta hazishiki tena. Zinateleza juu ya chuma kama sabuni.

Nilimpigia simu. Nambari unayopiga haipatikani kwa sasa. Nilijua haitapatikana, kwa sababu akiwa na mzazi huzima simu. Nilipiga tena hivyohivyo.

Njia yake ya asubuhi ile niliijua. Kutoka kwetu mpaka tangi la maji ni kijia cha kupanda tu, na mfuko wake ni mzito, kwa hiyo huisukuma baiskeli kwa miguu. Breki hazigusi. Atakaa na mzazi dakika ishirini, labda na zaidi kidogo. Kisha atapanda baiskeli pale kwenye tangi, na barabara inaanza kushuka palepale: kona ya kwanza, kona ya pili, kona ya tatu penye karakana yetu, na baada ya hapo inamwagika moja kwa moja kwenye barabara kuu. Pale hakuna tuta. Malori ya kokoto hupita tangu alfajiri.

"Baba!" nilimwita mume wangu. Alitoka akiwa amenyoa shavu moja, jingine lina povu. Nilimwonyesha kitambaa, nikamweleza kwa maneno yaliyokuwa yakigongana. Yeye si mtu wa kuuliza mara mbili.

"Mimi napanda kwenye tangi," alisema.

"Mwambie asiipande! Mwambie ni mimi nimesema!"

"Atadhani ni utani wenu."

Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. "Mwapie," nikamwambia. "Mwapie kwa kaburi la baba yenu."

Akatoka mbio na ndala zake. Lakini mume wangu ana miaka sitini, na kupanda mpaka tangini ni dakika ishirini kwa mtu mwenye pumzi. Nilisimama mlangoni nisijue niende wapi. Mungu wangu, juu au chini? Juu nisingefika. Chini kulikuwa na ngazi, zile ngazi za mawe zinazopita nyuma ya nyumba na kuteremka wima mpaka kwenye kona ya tatu, na mimi huzishuka kila siku kwenda kazini. Nikageuka. Mkono wangu ulipita ukutani ukachukua funguo za karakana kwenye msumari, kama unavyozichukua kila asubuhi. Sikuwa na wazo lolote la funguo. Ulikuwa mkono uleule.

Ngazi zile ni mia mbili na kumi na mbili. Magoti yangu huniruhusu kuzishuka kwa upande, mguu mmoja mmoja, nikishika ukuta. Siku ile nilizishuka uso mbele. Nimezoea kuomba kwa mpangilio: shukrani kwanza, kisha toba, kisha haja yangu. Yote hayo yalinipotea. Nililokuwa nalo ni neno moja tu, na nililisema kwa kila ngazi. Mshike. Mshike. Mshike. Katikati ya neno na neno picha zilinijia nisizozitaka. Nilimwona mama mkwe wangu ameketi kwenye mkeka, wanawake wamemzunguka, anauliza kwa upole wake ule, "Nani aliitengeneza?" Niliona watu wote wakinitazama. Niliona viatu vyeupe vya wifi vimewekwa kando ya barabara, kimoja kimoja. Nikapiga kelele, na mwanamke aliyekuwa akipanda na ndoo ya maji akaegemea ukuta kunipisha akidhani nimefiwa.

Nilifika chini. Barabara ilikuwa tupu.

Nilisimama katikati yake nikihema, nikitazama juu. Kutoka kona ya pili mpaka ya tatu barabara imenyooka kama rula, mita mia mbili za mteremko mkali, na geti la karakana linautazama mteremko huo uso kwa uso, kwa sababu barabara inapokata kushoto geti linabaki mbele. Seremala amelalamika miaka yote kwamba taa za magari humulika mpaka ofisini kwake. Nilisikiliza. Nilisikia lori kwenye barabara kuu nyuma yangu, likapita, kisha la pili. Nikajiambia mume wangu amefika. Amemkuta. Sasa hivi wanacheka.

Ndipo nikausikia ule mlio. Ulikuwa mwembamba na mrefu, kama wa mbuzi anayeburutwa, na sikuhitaji kuambiwa ni nini. Ni pedi zilizolowa mafuta zikibanwa kwa nguvu zote za mtu.

Wifi akatokea kwenye kona ya pili. Aliikata kwa upana, karibu aguse ukingo wa mtaro, akanyooka. Miguu yake yote miwili ilikuwa chini, soli zinaburuta na kutoa vumbi. Mfuko wa dawa uliruka mgongoni. Alikuwa hasimami. Alikuwa anazidi kwenda kasi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa nisimame nimdake. Wazo la kijinga, lakini nilikuwa nimeshatanua mikono. Funguo zikalia mkononi mwangu.

Nyuma ya geti lile kuna ua, na kwenye ua, mkabala na geti, kuna lundo la maranda. Maranda yote ya wiki nzima, yale makapi yanayotoka kwenye randa na msumeno, mimi ndiye ninayeyafagia na kuyalundika pale yakimsubiri mfuga kuku aje kuyachukua. Wiki ile mfuga kuku hakuja. Lundo lilikuwa limenifika kifuani.

Nilikimbilia kufuli. Kuna funguo tano kwenye ile pete, na mimi naijua ya geti hata gizani, lakini asubuhi ile vidole vilikuwa vya mtu mwingine. Nikaingiza ya stoo. Nikaingiza ya stoo tena. Mlio ukakaribia. Bwana, nipe vidole vyangu. Kufuli likafunguka, nikasukuma bawa la kwanza, likaenda. La pili likakwama. Komeo la chini lilikuwa bado limeingia ardhini. Nikapiga goti, nikaling'oa kwa mikono miwili.

"Toka!" Wifi alikuwa anapiga kelele. "Breki hazishiki! Toka njiani, wifi!"

"Ingia!" nikaita. "Ingia ndani!"

Hakunisikia, au hakunielewa. Niliona macho yake. Yalikuwa yanaitazama kona, anapima kama atapita, na ng'ambo ya kona ni barabara kuu. Nikasimama kando ya geti nikapunga mkono mzima kutoka begani, nje mpaka ndani, nje mpaka ndani, vile ninavyoyaongoza malori yanayoleta mbao. Ishara hiyo ameiona mara elfu akipita pale. Akaielewa. Akaukunja usukani.

Alipita karibu nami kiasi kwamba koti lake lilinichapa usoni. Kisha nikasikia kishindo, si kikubwa, kama gunia linalotupwa kutoka begani. Halafu hapakuwa na sauti tena, ila gurudumu moja likizunguka.

Vumbi la mbao lilijaa ua wote. Nilimwita. Nilimwita tena, kwa lile jina lake la utotoni ambalo mume wangu tu ndiye humwita nalo, nikabaki palepale getini. Nilitaka sana nisijue.

Kitu kikakohoa ndani ya lundo.

"Wifi," sauti ikasema. "Peponi kumbe hakuna viti. Ni maranda matupu."

Nilimchimbua kwa mikono. Mdomo ulikuwa umepasuka, nyusi na nywele zimegeuka njano, na mkono wake wa kushoto, pale kwenye kifundo, ulikuwa umekaa upande usio wake. Alikuwa anacheka na meno yakigongana.

"Breki za wazungu hizi," alisema. "Tutawashitaki."

Hapo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Baiskeli imepinda, diski zimejaa vumbi la mbao, mafuta yote yamenyonywa. Ningesema labda hewa ilibaki, na angeniamini, na angenitania miaka mingine thelathini. Nakiri mbele ya Mungu kwamba niliutazama mlango ule.

Kisha nikaona kwamba kile kitambaa nilikuwa nacho. Nilikuwa nimekichomeka kiunoni, kimelowa, na sikujua nilikichomeka lini.

"Ni mimi," nikamwambia. "Hewa niliitoa yote. Kisha nikapangusa diski kwa hiki. Kina mafuta."

Alikichukua kwa mkono wake mzima. Akakitazama, akanitazama, akakitazama tena. Akatazama na ule mkono wa kushoto uliovunjika, na mimi nikautazama pamoja naye. Ndio mkono unaokishika kichwa cha mtoto. Kicheko kilimtoka usoni taratibu. Mume wangu, aliyefika tangini akakuta ameshaondoka, alipotufikia, ndala moja, povu limekaukia shavuni, alitukuta tumekaa hivyo kama watu wasiojuana.

Hospitalini walimfunga plasta gumu kwa wiki sita. Asubuhi ya kwanza nilimpelekea uji, nikabisha hodi.

"Karibu," alisema. "Habari za asubuhi? Asante sana. Weka hapo tu."

Asubuhi ya pili vilevile. Habari za asubuhi, asante sana. Adabu ile iliniogopesha kuliko mlio wa breki. Niliifua nguo yake, nilimchotea maji, naye alinishukuru kwa kila kitu kama mtu anavyomshukuru karani. Usiku sikulala. Niliomba anitukane.

Siku ya tisa mume wangu alirudi kutoka kwake akisukuma ile baiskeli.

"Amesema uitengeneze wewe mwenyewe," alisema, huku akitazama pembeni. "Na amesema hataipanda yeye wala mtu mwingine mpaka aliyeitengeneza aishuke kwanza. Barabara ileile, kutoka kwenye tangi."

"Anajua sijui kuendesha."

"Anajua."

Niliipeleka darasani. Nilimweleza Mzee Spana yote mbele ya wanafunzi, maana nusu ya ukweli ingenisumbua zaidi. Dereva mstaafu aliinua mkono akasema yuko tayari kunishukia. Mzee Spana akamtazama mpaka mkono ukashuka.

"Mama," alisema, "sheria ile unadhani niliiandika kwa ajili ya breki? Chuma hakina woga. Niliiandika ili mkono wa fundi ujue kwamba mwili wake ndio utakaolipa."

Tulinyoosha palipopinda, na pedi zilizoonja mafuta tulizitupa. Nilifunga mpya. Diski nilizisafisha kwa spiriti na karatasi nyeupe, mara tano, mpaka karatasi ikatoka nyeupe kama ilivyoingia. Nilipomaliza, mkono wangu wa kulia ulianza kutafuta kitambaa. Niliuona kwa macho yangu, unapapasa juu ya benchi. Nikaukalia.

Kisha nikajifunza kupanda. Kila jioni kabla ya kipindi, nyuma ya karakana, dereva mstaafu akishikilia kiti na kunikemea kama mwanagenzi wa lori. Nilianguka mara nyingi kuliko nilivyohesabu. Wiki ya nne niliushuka ule mteremko wa saruji nikasimama kabla ya chokaa. Mzee Spana alisaini kadi.

Wifi alikuja kwenye tangi asubuhi iliyofuata, plasta limening'inia shingoni. "Habari za asubuhi," alisema. Mume wangu alikuwa chini kwenye kona ya pili. Seremala, bila kuombwa, alikuwa amelifungua geti mabawa yote mawili, na niliambiwa baadaye kwamba aliyachota maranda akayainua kidogo.

Nilikaa kwenye kiti cha baiskeli. Barabara ilishuka mbele yangu na mwisho wake sikuuona. Sikuomba breki zishike. Niliona haya kuomba hilo. Niliomba nikumbuke kila kitu ambacho mikono yangu ilikuwa imefanya, na nikavipitia kimoja kimoja: mrija, skrubu, kabari, pedi, spiriti, karatasi nyeupe. Halafu nikainua mguu.

Baiskeli iliondoka yenyewe. Upepo ukaniingia masikioni. Kona ya kwanza. Nikabana, kidole kimoja kila upande, kama nilivyofundishwa. Zilishika. Nikaachia kidogo, hofu ikarudi, nikabana, zikashika. Kona ya pili nilisikia mume wangu akisema kitu, sikujua nini. Kisha ule mnyooko, na mwisho wake geti wazi, na lundo ndani yake, na kushoto barabara inayomwagika kwenye malori. Nilibana. Nilibana kwa vidole vyote. Tairi la mbele lilisimama hatua nne kabla ya geti.

Wifi alikuja nyuma yangu kwa miguu, bila haraka, njia nzima. Alipofika aliinama, mkono mzima mgongoni, akaitazama diski ya mbele bila kuigusa. Akazunguka akaitazama ya nyuma.

"Haing'ai," alisema.

"Haing'ai," nikajibu.

Alinyooka. Alinitazama nilivyokaa pale, sketi imefungwa mafundo, jasho linanitiririka mpaka kidevuni.

"Wifi," alisema, "umeshuka kama mtu anayepeleka mayai sokoni. Kwa mwendo huo mzazi angejifungua, angenyonyesha, na mtoto angekuwa ameshaanza shule ya jioni."

Nilijaribu kucheka, kikatoka kilio. Nilijaribu kushuka kwenye baiskeli, nikashindwa, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imekataa kuziachia breki. Niliiambia iachie, haikusikia. Ikabidi wifi aifungue mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kwa ule mkono wake mzima.